Kumlilia mbwa baada ya kumzika mume: jibu kwa mama wa Kisauni

Swali, kwa ufupi: "Assalaamu alaykum. Mimi ni mjane wa miaka 58, naishi Kisauni. Marehemu mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alifuga mbwa wawili, Popi na Chui, baada ya nyumba yetu kuvunjwa na wezi. Miezi miwili iliyopita Chui alitupiwa nyama yenye sumu usiku, akafa kabla ya alfajiri. Wiki tatu baadaye Popi, mwenye miaka 11, akachomwa sindano na daktari kwa idhini yangu, maana figo zilikuwa zimekwisha. Tangu hapo silali, machozi yananitoka nikipika, hata dawa za presha nimeziacha. Majirani wananicheka. Dada zangu wanasema nimewalilia mbwa kuliko nilivyomlilia mume. Nimekosa dini? Nimemuua Popi? Mjukuu wangu wa miaka 6 tumemwambia Popi amepelekwa shamba Kaloleni, naye kila siku anauliza atarudi lini. Na kakangu anataka kuniletea mtoto wa mbwa Jumapili hii. Nifanye nini?"

Wa alaykumu salaam, mama. Pole sana. Pole kwa Chui, pole kwa Popi, na pole kwa marehemu, kwa sababu barua yako ina misiba mitatu na waliokuzunguka wameuona mmoja tu.

Barua yenyewe ni ndefu kuliko dondoo hilo la hapo juu, nami nitaijibu yote. Lakini kwanza dawa za presha. Umezitaja katikati ya sentensi kama jambo dogo, na mimi ndilo lililonishtua. Presha iliyopanda haiumi, ndiyo maana mtu huacha vidonge wiki kadhaa akajiona mzima hadi siku kiharusi kinapomwangusha. Zipo pia dawa ambazo zikikatizwa ghafla presha hupanda kuliko ilivyokuwa mwanzo. Usizirudishe mwenyewe kwa kukisia. Nenda kliniki kesho asubuhi, upimwe, umweleze daktari umeacha lini na kwa nini. Ukiona haya kutaja mbwa, mwambie umefiwa. Hutakuwa umesema uongo.

Sasa tuje kwenye hayo machozi.

Mtu akifa hapa Mombasa, mfiwa habebi msiba peke yake. Mikeka inatandikwa, viti vinapangwa nje, wanawake wanajaa ndani na wanaume barazani, majirani wanapika, khitma inasomwa, na mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi huku kila anayeingia akijua kilichomkuta. Hata asiyejua la kusema anajua pa kukaa. Chui alipokufa, umeandika, vijana wa mkokoteni walimchukua mapema asubuhi, na saa nne hiyohiyo mtu akakuuliza mchana mtapika nini. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, alieleza aina hii ya huzuni: ile ambayo jamii haina nafasi yake, haina ada yake, wala haimpi mfiwa ruhusa ya kuionyesha. Ni huzuni kamili kama nyingine, ila huzidi kuwa nzito kwa sababu mtu anaificha. Wewe umekuwa ukilia jikoni ili moshi na vitunguu vikusitiri. Kumlilia mnyama miezi miwili baada ya kifo chake si wazimu. Ni jambo la kawaida kabisa, na wengi wanaonijia na msiba wa namna hii huanza kwa kuniomba nisiwacheke.

Dada zako wanasema umewalilia mbwa kuliko mume. Hesabu hiyo si ya haki. Marehemu alipofariki ulikuwa na wageni wa kukaribisha, watoto wa kutuliza, karatasi za kiinua mgongo, mambo ya mirathi. Ulikuwa nguzo, na watu wakikuegemea hupati nafasi ya kulegea. Umeeleza pia kwamba miaka yote miwili tangu afariki, Popi aliendelea kulala langoni jioni, saa ile ambayo matatu ya kutoka bandarini ilikuwa ikimshusha mwenye nyumba. Alipoondoka Popi, aliondoka wa mwisho aliyekuwa bado anamngoja mume wako. Haiwezekani hilo lisilete machozi ya zamani.

Lakini hapa nataka nitofautiane na baadhi ya washauri wenzangu. Wepesi wetu ni kumwambia mtu kama wewe: "Kwa kweli humlilii mbwa, unamlilia mumeo." Mimi sikuambii hivyo. Sehemu ya machozi ni ya marehemu, naam, lakini Popi naye analiliwa kwa haki yake. Ameishi na wewe miaka 11. Umeandika kwamba kila alfajiri ulipotoka kuchukua udhu kwenye bomba la nje, aliinuka akasimama hatua chache mbali nawe, hakusogea karibu, akangoja hadi ulipoingia ndani ndipo akalala tena. Hakuna aliyemfundisha. Kiumbe aliyekulinda gizani kila siku kwa miaka yote hiyo akiondoka, kila alfajiri mwili wako unajua kwamba kuna kitu hakipo. Hapo huhitaji mtu akueleze kwamba huzuni hiyo ni ya kitu kingine.

Na mapenzi haya hayakuletwa juzi na wazungu wala televisheni, kama jirani yako anavyosema. Kule Bonn-Oberkassel, Ujerumani, mwaka 1914 wachimbaji wa mawe walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke la miaka kama 14,000 iliyopita, na pamoja nao mifupa ya mbwa mchanga. Wataalamu walipochunguza meno yake waliona alama za maradhi mazito alipokuwa mdogo, maradhi ambayo asingeyapona bila mtu kumlisha, kumnywesha na kumsafisha kwa wiki nyingi. Mbwa mgonjwa wa umri ule hawezi kuwinda wala kulinda. Walimuuguza hivyohivyo, kama wewe ulivyomsongea Popi uji wa mchele alipokataa ugali.

Kuhusu dini, mimi ni mshauri nasaha, si shekhe. Fatwa muulize shekhe wa msikiti wako. Ninayoweza kukukumbusha ni yale ambayo sote tumesomeshwa chuoni. Wengi wetu huku pwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo kwayo mbwa ni najisi nzito, na chombo alichoramba huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya tohara. Haisemi achukiwe, wala apigwe mawe, wala aliyemfuga kwa ulinzi asisikitike akifa. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wametajwa katika hadithi kuwa ruhusa, na wanazuoni wengi wakapima juu yake mbwa wa kulinda nyumba. Katika Sura ya Al-Kahf, Mwenyezi Mungu anapowasimulia wale vijana wa pangoni hakumwacha mbwa wao, amemtaja kanyoosha miguu ya mbele kizingitini. Na unaijua habari ya mtu aliyemkuta mbwa ana kiu hata analamba udongo, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, akasamehewa madhambi yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika. Lililokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga na kuchana nguo. Wewe hukufanya hata moja kati ya hayo.

Nenda siku moja Mji wa Kale wakati wavuvi wanashusha samaki utazame paka. Kila mlango una paka wake, kila mzee ana kipande cha samaki mfukoni kwa ajili yao, na paka wa mtu akigongwa na pikipiki watu wanampa pole. Huruma kwa mnyama ipo mjini hapa, tena tele. Ila mbwa imemfikia kidogo, na hilo umelilipia wewe.

Nije kwenye sindano. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu naona ndipo palipo na jeraha lenyewe. Umeandika mambo matatu. Kwamba ulichelewa kugundua ugonjwa. Kwamba ulisema "ndiyo" haraka. Na kwamba Popi alibaki amekukodolea macho, kisha baada ya daktari kusema amekwisha akavuta pumzi moja kubwa, nawe tangu siku hiyo unaamini alikuwa bado hai, anakutazama, anakuuliza kwa nini.

Tuanze na kuchelewa. Figo za mbwa zina akiba kubwa ya uwezo. Dalili ya kwanza, yaani kunywa maji mengi na kukojoa sana, hujitokeza pale karibu theluthi mbili ya uwezo wake umekwisha kupotea, na kile kipimo cha damu cha kawaida, kreatinini, huanza kupanda karibu robo tatu ikiwa imekwenda. Zaidi ya hapo, yote haya yalianza wakati wa Kaskazi, joto limekaza, na kila kiumbe Mombasa kinakunywa maji. Nani angeshtuka kumwona mbwa mzee akimaliza sufuria? Siku ulipoona amekataa hata vichwa vya samaki, na mdomo wake unanuka kama mkojo, ulimwita daktari. Hiyo ndiyo siku ambayo mwenye mbwa yeyote angejua. Sehemu ya figo iliyokufa hairudi, na mwaka mmoja kabla yake hukuwa na njia ya kuiona kwa macho.

Kisha idhini. Ulichokuwa unachagua si kati ya Popi aliye hai na Popi aliyekufa. Popi alikuwa anakufa. Damu yake ilikuwa imejaa takataka ambazo figo haziwezi tena kuzitoa. Hali hiyo huleta vidonda mdomoni, kutapika mfululizo, kutetemeka, na mwishoni wakati mwingine degedege. Ulichagua kati ya siku kadhaa za hayo na dakika chache akiwa amelaza kichwa kwenye mkeka wake, mkono wako ukiwa karibu. Na tumeamrishwa wema katika kila jambo, hata katika kuchinja tumeambiwa kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Kama roho bado haijatulia juu ya hukumu yake, mpelekee shekhe swali hilo kama lilivyotokea, na ugonjwa wote umweleze. Usimwambie tu "nilimuua mbwa", kwa sababu ukiuliza hivyo utakuwa umejihukumu kabla hajakujibu.

Na yale macho. Nasikitika kwamba hakuna aliyekueleza kabla, maana maelezo ya dakika mbili yangekuokolea wiki nyingi za kukesha. Dawa inayotumika kwa kawaida, pentobabitali, ni ya jamii ya dawa za usingizi. Ikiingia mshipani kwa kipimo kikubwa huzima ubongo kwanza, kwa sekunde, na moyo husimama baadaye, ndani ya dakika chache. Yaani fahamu hutangulia kuondoka. Macho hubaki wazi kwa sababu kufumba kope ni kazi ya msuli, na msuli uliolegea haufumbi kitu. Hivyo ndivyo yalivyo kwa karibu kila mbwa. Ile pumzi kubwa ni kiwambo cha kupumulia kikijikunja chenyewe pasipo ubongo kuamrisha, sawa na miguu inayoweza kurukaruka kidogo au mkojo kutoka. Madaktari wa mifugo huiona mara kwa mara. Popi hakuwa anakutazama, mama. Uso wa mwisho aliouona ni ule wa kabla ya sindano, na huo umeniandikia mwenyewe ulivyokuwa: ulikuwa umechuchumaa mbele yake unamwita jina.

Chui ni habari nyingine, kwa sababu hapo yupo aliyekusudia ubaya. Povu, kutetemeka, kuharisha na kukosa pumzi kama ulivyoyaeleza yanafanana sana na sumu za kuulia wadudu wa mashamba, ambazo huacha neva zikipiga ishara bila kuzimika hadi mapafu yanajaa maji. Ipo dawa, atropini, lakini sharti daktari awahi. Saa tisa za usiku, ukiwa peke yako, nyama imeshamezwa zamani, ulikuwa na nafasi ndogo mno. Unajilaumu kwamba ulimpa maziwa na hayakumfaa. Wengi hukimbilia maziwa, mafuta au mayai mabichi. Maziwa hayaizimui sumu hii, na kummiminia kinywani mnyama anayetetemeka kwaweza kumpeleka kinywaji mapafuni, kwa hiyo msomaji mwingine anayefikwa na jambo hili asifanye hivyo, ampigie daktari wa mifugo simu papo hapo na achukue mabaki ya nyama au matapishi kwenye mfuko wa plastiki. Lakini si maziwa yako yaliyomuua Chui. Kilichomuua kilirushwa juu ya ukuta.

Povu lenyewe uliligusa, ukalipangusa kwa kanga. Kwa kuwa daktari alithibitisha sumu na kadi za chanjo za mbwa wote wawili hazikuwa zimepitwa na tarehe, sikutii hofu ya kichaa cha mbwa. Wengine wakumbuke tu kwamba mbwa aliyekufa na povu bila sababu kujulikana, na mate yake yakamwingia mtu kwenye kidonda au jicho, au alimwuma siku za karibuni, mtu huyo aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona.

Umeniambia kanga hiyo bado iko kabatini, haijafuliwa. Naelewa kwa nini. Chui hakuwa na kaburi, kanga ndiyo ikawa kaburi lake. Hata hivyo itoe. Mabaki ya sumu yanaweza kuwa bado yamo, na mjukuu anafungua makabati. Vaa glavu, ifue peke yake, maji usiyamwage karibu na bomba wala pale kuku wanapodonoa. Na kwa kuwa ni nguo ya kuswalia nyumbani, itahitaji tohara yake: mara 7, moja kwa udongo. Chukua udongo safi wa hapo uani. Usiifanye kwa haraka, na dada mmoja unayemwamini akae nawe. Nimeona wafiwa wakisaidika na kazi ya mikono kuliko maneno yangu, nadhani na wewe utasaidika. Ikishakauka unaweza kuivaa.

Jirani unayemshuku simtaji, na nakuomba nawe usimtaje hadharani. Moyo uliojeruhiwa hutafuta mkosaji usiku kucha, na akipatikana wa karibu unamtosha. Kumpa mnyama sumu makusudi ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya. Mna haki ya kwenda kituo cha polisi na maelezo ya daktari, kuandikisha na kupewa namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, hata kama miezi miwili imepita. Mzee wa Nyumba Kumi ajulishwe pia, kwa sababu ya jambo zito zaidi: wezi wana desturi ya kumuua mbwa kwanza, nyumba baadaye. Wewe sasa huna mbwa hata mmoja. Taa ya langoni iwake, komeo la nyuma litazamwe, na kakako badala ya kuleta mbwa Jumapili alete fundi.

Mjukuu. Hapa sina maneno ya kupepesa: ile hadithi ya shamba Kaloleni iondoeni wiki hii. Mlimwambia kwa huruma, najua, lakini sasa mtoto anangoja. Anajiuliza kwa nini Popi aliondoka bila kumuaga, na kama Popi alipelekwa shamba, nani atafuata kupelekwa? Watoto wa umri wake ndio kwanza wanaanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi. Kwa wengi jambo hilo hukamilika kati ya miaka 5 na 7. Wanahitaji neno lenyewe. Usimwambie amelala, maana ataogopa kulala. Usimwambie amesafiri, maana baba yake akisafiri atalia. Mkalishe mchana, si usiku, umwambie hivi: "Popi alikuwa mzee na mgonjwa sana. Daktari alijaribu, hakuweza kumponya. Popi amekufa. Akifa mwili wake hausikii maumivu wala njaa, na harudi tena. Tulikwambia yuko shamba kwa sababu tuliona uchungu kukwambia. Ilikuwa si kweli, na tunakuomba radhi." Kisha nyamaza. Atauliza jambo utakaloliona la ajabu, kama vile kaburini kuna giza, au nani anampa maji. Mjibu ulilojua. Halafu mwulize kama anafikiri kuna kitu alifanya. Watoto wa miaka 6 huamini hasira zao zinaweza kuua, na yeye, uliandika, alimtupia Popi kiatu siku chache kabla. Mwambie wazi kwamba kiatu hakileti ugonjwa wa figo. Popi amezikwa chini ya mwarobaini hapo uani, basi mpeleke apaone. Akitaka kuweka jiwe au ganda la bahari, mwache aweke.

Chui hana kaburi na hilo linakuuma. Swala ya maiti na khitma ni za wanadamu, sitakushauri kuzileta hapa. Lakini sadaka haina mpaka huo. Masahaba waliuliza kama kuna thawabu kwa wanyama, wakajibiwa kwamba katika kila chenye uhai ipo. Weka beseni la maji nje ya lango, la ng'ombe apitaye, paka na mbwa wa mtaani. Au tafuta mwenye mbwa mtaani kwenu asiye na uwezo, umlipie chanjo ya kichaa. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa kufikia 2030, na maradhi hayo hukatika njia pale asilimia 70 ya mbwa wa mahali wanapochanjwa. Wewe ulitunza kadi mbili mwaka baada ya mwaka katika mtaa uliokucheka. Kuitoa sadaka hiyo kwa jina la kazi waliyoifanya mbwa wako naona ni jambo la heshima.

Usiku utaendelea kuwa mgumu kwa muda. Kusikia kucha zao kwenye sakafu ya saruji, kuzidisha unga kwenye sufuria kwa mazoea, kusimama kwa muuza vichwa vya samaki Kongowea kabla hujakumbuka, yote hayo ni ya kawaida na hupungua yenyewe. Watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi: mara anaingia ndani ya msiba, mara anageukia maisha, na kwamba kwenda na kurudi huko ndiko kupona kwenyewe. Kwa hiyo siku ukicheka na mjukuu hadi ukasahau, usijione msaliti. Na siku ukilia tena baada ya wiki nzuri, hujarudi mwanzo. Mtafute mtu mmoja wa kumsimulia habari zao zote, tangu siku marehemu alipowaleta ndani ya boksi. Mmoja anatosha, mradi asikatize.

Yapo mambo ambayo yakitokea hayangoji: ukikosa kula siku kadhaa, ukiona hutaki kuishi, au ukiamka siku moja hujui pa kushika. Hospitali Kuu ya Pwani na Port Reitz zina watu wa afya ya akili, na hukatazwi kuingia kwa sababu msiba wako ni wa mbwa. Bila ya hayo, uchungu ukibaki mkali vilevile kupita nusu mwaka, uje pia.

Huyo mtoto wa mbwa, basi. Kakako ana nia njema na mwambie hivyo. Mwambie pia Jumapili ni mapema. Uani bado hapajakaguliwa vizuri kama kuna kipande cha nyama kilichobaki kichakani, na mtoto wa mbwa huokota kila kitu. Wewe mwenyewe sasa hivi ungemtazama ukamwona si Popi, naye asingekuwa na kosa. Hakuna muda uliowekwa. Wapo wanaofuga tena baada ya mwezi, wapo wasiofuga tena kabisa, na wote wako sawa. Ukitaka kupima, jiulize kama unamtaka mbwa wa kulinda nyumba au unataka kuzima kilio. Siku jibu likiwa la kwanza, mlete, mpe jina jipya, na chanjo zake zianze wiki ya 6 hadi 8 ya umri wake; ya kichaa hufuata afikapo miezi mitatu hivi.

Kliniki kesho, mama, kabla ya jua kali. Kadi yako ya presha usiisahau, na vidonge ulivyobakiza vibebe kwenye mkoba daktari avione. Niandikie ukirudi, uniambie presha imesomaje na mjukuu ameuliza nini.